Aliyeulizwa ni mimi

Dodoso lilikuwa limebakiza ukurasa mmoja. Nilishamuuliza mama yule kuhusu sakafu, kuta na paa, maji wanayachota wapi na inawachukua dakika ngapi kwenda na kurudi, choo ni cha aina gani na kama wanachangia na kaya nyingine, wanapikia nini, nani amesoma hadi wapi, nani ameacha shule. Tulishalipita pia lile swali ambalo kila mdadisi huliogopa, la watoto waliofariki. Yote aliyajibu kwa sauti ileile, bila haraka.

Kila nilipobonyeza kishikwambi nilijua jibu linaangukia upande gani wa mstari wa umaskini.

Kisha tukafika kwenye ngazi. Nikamsomea kama ilivyoandikwa: fikiria ngazi yenye vipandio kuanzia sifuri chini hadi kumi juu, juu kabisa ni maisha bora kabisa yanayowezekana kwako, chini kabisa ni maisha mabaya kabisa yanayowezekana kwako. Kwa sasa unajiona umesimama kwenye kipandio cha ngapi?

"Nane."

Kijana wake mkubwa, ambaye muda wote alikuwa ameegemea mlango, akacheka. "Mama, nane?"

"Aliyeulizwa ni mimi," akajibu bila kumtazama. Kisha akanigeukia. "Andika, mwanangu."

Nikaandika nane.

Sitasema ni wapi wala lini. Wadadisi hula kiapo cha kutunza siri za kaya, na nimebadilisha vya kutosha ili hata jirani yake asimtambue. Lakini ile nane imenikaa kichwani wiki na wiki. Kwa hesabu iliyo nyuma ya maswali ya sakafu na choo, mama yule ni maskini, tena si wa kuugusa mstari tu. Kwa hesabu ya ngazi, amewazidi Wafini. Finland imekuwa ikishika nafasi ya kwanza kwenye Ripoti ya Furaha Duniani tangu 2018, na wastani wake, kwa ngazi hiyohiyo, huwa chini kidogo ya nane.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiwaza ni ipi kati ya namba hizi mbili ya kutupa.

Mstari uliohama

Kwamba kipato peke yake hakitoshi kupima umaskini, sidhani kama kuna msomaji wangu anayehitaji kushawishiwa. Nitaje jambo moja tu, kwa sababu ni la juzijuzi. Juni 2025 Benki ya Dunia iliuhamisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 kwa mtu kwa siku hadi dola 3.00. Sababu zilikuwepo na zilikuwa nzuri: bei mpya za kulinganisha nchi na nchi, takwimu bora zaidi za matumizi ya kaya, mistari ya kitaifa ya nchi maskini ambayo nayo ilikuwa imepanda. Hata hivyo, kwa hesabu hiyo mpya, mafukara wa dunia waliongezeka kwa zaidi ya watu milioni 100, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye maisha yake yalikuwa yamebadilika tangu jana yake.

Na pesa haisemi imenunua nini. Kaya inaweza kuwa na kipato cha kuridhisha mahali ambapo hakuna shule wala maji ya kununua.

Basi.

Redio na simu

Hesabu iliyonipa jibu kuhusu mama yule inatokana na kazi ya wachumi Sabina Alkire na James Foster. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, liliiingiza kwenye ripoti yake ya maendeleo ya binadamu mwaka 2010, na tangu hapo ndiyo inayotumika katika fahirisi ya dunia ya umaskini wa pande nyingi, yaani kipimo kimoja kinachojumlisha mambo mengi. Katika toleo la 2025, watu bilioni 1.1 kati ya bilioni 6.3 wanaoishi katika nchi 109 walihesabiwa kuwa maskini kwa kipimo hiki.

Wengi wameisikia, wachache wameifungua ndani. Ifungue kidogo, inafundisha.

Kuna nyanja tatu: afya, elimu, hali ya maisha. Kila moja imepewa theluthi. Afya ina viashiria viwili, lishe na vifo vya watoto. Elimu ina viwili, miaka ya kusoma na mahudhurio ya shule. Kila kimoja kati ya hivi vinne kina uzito wa moja ya sita. Hali ya maisha ina viashiria sita: nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na mali. Hivi vinagawana theluthi yao, kila kimoja moja ya kumi na nane. Unajumlisha kaya inachokikosa. Ikifika theluthi, kaya nzima ni maskini.

Sasa chukua kaya ambayo watoto wote wako shuleni, hakuna aliyefariki, lishe ni ya kuridhisha, lakini haina umeme, inapikia kuni, haina choo cha maana, maji yako mbali zaidi ya nusu saa kwenda na kurudi, sakafu ni ya udongo. Imekosa vitano kati ya sita. Tano ya kumi na nane ni kama asilimia 28. Haijafika theluthi. Si maskini, inaingizwa kwenye kundi la walio hatarini.

Inaokolewa na nini? Na kile kiashiria cha sita, mali. Ukiwa na vitu viwili vya kwenye orodha, tuseme redio na simu, huhesabiwi kuwa umekosa. Redio ikifa bila kitu kingine cha kwenye orodha kushika nafasi yake, kaya inafika theluthi kamili na inavuka mstari.

Marehemu Martin Ravallion, aliyefanya kazi miaka mingi Benki ya Dunia, aliishambulia tabia hii kwa nguvu. Fahirisi za kuchanganya mambo mengi aliziita mchanganyiko tu: nani kasema kwamba choo kina uzito sawa na umeme, au kwamba mtoto mmoja kutokwenda shule ni sawa na kukosa vitu vitatu vya nyumbani? Hoja yake ina meno. Uzito ule ulikubaliwa na wataalamu mezani, wenye nyumba hawakuulizwa.

Mimi bado nasimama na wanaohesabu. Mstari wa dola humwambia afisa kwamba watu wake ni maskini, kisha humwacha hapo. Hesabu ya Alkire na Foster inaweza kufunguliwa tena, ikaonyesha kwamba katika wilaya hii kinachowaumiza watu ni maji na katika ile ni shule. Mexico ilianza kupima umaskini wake kitaifa kwa pande nyingi mwaka 2009, Colombia ikafuata mwaka 2011, na serikali haziendi huko kwa kupenda falsafa. Zinataka kujua pa kupeleka bajeti.

Lakini hakuna mahali popote kwenye hesabu hiyo pa kuiweka nane.

Kilichobaki nje ya meza

Nilidhani hakuna aliyefikiria. Walifikiria. Mwaka 2007 kituo cha Alkire pale Oxford kilitaja nyanja tano ambazo takwimu za umaskini hazikuwa nazo: ubora wa kazi, uwezo wa mtu kujiamulia mambo yake, usalama wa mwili, kutembea mbele ya watu bila aibu, na ustawi wa nafsi, yaani kuridhika na maisha na kuyaona yana maana. Kisha fahirisi ya dunia ikatoka bila hata moja kati ya hizo tano. Sababu ni ya kawaida kabisa: ilibidi ijengwe kwa tafiti za kaya zilizokuwa zikifanyika tayari katika nchi nyingi, zile kubwa za afya, uzazi na watoto, na tafiti hizo hazikuwa na maswali ya aina hiyo.

Kwa maneno mengine, tunahesabu choo na hatuhesabu aibu kwa sababu swali la choo lilikuwa limeshachapwa.

Bhutan walikwenda upande wa pili. Mfalme Jigme Singye Wangchuck alianza kusema tangu miaka ya 1970 kwamba furaha ya taifa ina uzito kuliko pato lake, na baadaye nchi ikaunda fahirisi yenye nyanja 9 na viashiria 33, ikitumia mbinu ileile ya Alkire na Foster. Humo kuridhika na maisha ni kiashiria kimoja kati ya vingi, pamoja na usingizi, muda wa kazi na ujirani. Nilivutiwa, hadi nilipokumbuka watu wa kusini mwa nchi hiyo wanaozungumza Kinepali, zaidi ya 100,000, walioishia kwenye kambi za wakimbizi Nepal kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kipimo cha furaha kinahesabu waliobaki.

Sisemi kwamba fahirisi ile ni ya uongo. Nasema tu kwamba kila kipimo kinaanza na swali la nani yumo ndani ya sampuli.

Wajane wa Singur

Hapa ndipo nilipokaribia kuitupa nane.

Mwaka 1944, mwaka mmoja baada ya njaa kuu ya Bengal, taasisi ya afya ya umma ya India ilifanya uchunguzi huko Singur, karibu na Calcutta. Watu waliulizwa hali ya afya zao. Kati ya wanaume waliofiwa na wake zao, asilimia 48.5 walisema ni wagonjwa au afya yao ni ya hivihivi. Kati ya wanawake wajane, waliosema hivyo walikuwa asilimia 2.5.

Soma tena. Njaa imepita juzi tu, katika jamii ambako mjane alikuwa karibu mtu wa mwisho kwenye foleni ya kila kitu. Na ukiwahesabu peke yao waliosema afya yao ni "ya hivihivi", miongoni mwa wajane hakuwepo hata mmoja.

Mchumi Amartya Sen ameirudia takwimu hii mara kadhaa katika maandishi yake. Hoja yake ni kwamba mtu aliyekaa na dhiki kwa muda mrefu huacha kuilalamikia. Hupunguza anachokitarajia hadi kilingane na anachokipata, hufurahia rehema ndogondogo, na ukimuuliza atakwambia hajambo. Sen alionyesha pia jambo hilo likitokea kwa majimbo mazima: Kerala, ambako wakati huo watu wa India waliishi muda mrefu zaidi, ndiko walikoripoti ugonjwa kwa wingi zaidi, Bihar, ambako huduma zilikuwa haba na watu walikufa mapema, waliripoti ugonjwa kidogo. Anayejua kwamba maumivu fulani yana jina na dawa ndiye anayeyataja.

Kwa mwanga huo nane ya mama yule inatisha. Inakuwa ushahidi wa mambo aliyoacha kuyadai. Na kicheko cha kijana wake kinapata maelezo: yeye amesoma zaidi, ameona maisha mengine, ngazi yake imesimama juu ya ardhi nyingine.

Nililala na maelezo hayo. Asubuhi yakaanza kunikera.

Maana yananipa ruhusa ya kumsikiliza mtu mzima akinijibu swali kuhusu maisha yake mwenyewe, kisha niandike pembeni kwamba hajui anachosema. Angesema mbili, ningemwamini papo hapo. Kwa nini dhiki iwe ushahidi na kuridhika kuwe ugonjwa? Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chake dakika chache tu nikiwa na kishikwambi.

Maskini anajua kugawa

Mwaka 2001 Robert Biswas-Diener na Ed Diener walichapisha utafiti wao kuhusu watu wa Calcutta: wakazi wa mitaa ya mabanda, wanawake wanaofanya biashara ya ngono, watu wanaolala barabarani. Sampuli ilikuwa ndogo, watu 83. Waliwauliza kuhusu maisha kwa ujumla, kisha kuhusu kipande kimoja kimoja: familia, marafiki, maadili, chakula, nyumba, kipato.

Kwa ujumla alama zilikuwa chini kidogo ya katikati. Lakini kwenye vipande zilipanda, hasa mtu alipoulizwa kuhusu nafsi yake na watu wake.

Mtu ambaye ameshazoea dhiki hadi haioni asingejibu hivi. Angeweka alama ileile kila mahali. Hawa walijua tofauti kati ya kipato chao na mama zao, na walipoulizwa vizuri walizitenganisha. Swali la ngazi halimpi mtu nafasi hiyo. Linamtaka akunje vyote viwe namba moja, na sisi baadaye tunashangaa kwa nini hatuwezi kuikunjua.

Kuna jambo jingine ambalo naona linasahaulika. Daniel Kahneman na Angus Deaton walichambua majibu zaidi ya 450,000 ya Wamarekani mwaka 2010, na dunia nzima ikakumbuka ile dola 75,000, kiwango cha kipato kwa mwaka ambacho furaha ya kila siku ilionekana kuacha kupanda. (Baadaye Matthew Killingsworth aliipinga, na mwaka 2023 yeye na Kahneman wakaandika pamoja kwamba kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda na kipato, inakwama kwa kundi dogo la wasio na furaha.) Kwa mtu anayefikiria umaskini, sentensi muhimu ya makala ile ya 2010 ni nyingine: kipato kidogo huzidisha uchungu wa misiba ambayo humpata kila mtu, kama talaka, ugonjwa na upweke.

Kwa hiyo siku ya kawaida maskini na asiye maskini wanaweza kupishana kidogo tu kwenye ngazi. Subiri mtu augue.

Dodoso hufika siku ya kawaida.

Rundo la maelezo ya kubuni

Nilikuwa bado sijui la kufanya na kicheko cha kijana. Kama ngazi ya kila mtu imesimama mahali pake, kuna maana gani ya kujumlisha majibu?

Wapo waliojaribu kulipima hilo. Badala ya kumuuliza mtu kuhusu yeye tu, unamsomea pia maelezo mafupi ya kaya za kubuni: hawa wana kadhaa, wanakosa kadhaa, utawaweka kipandio cha ngapi? Wote wakisomewa kaya ileile, tofauti ya majibu yao inakuonyesha tofauti ya ngazi zao. Ravallion, yuleyule wa kuzikataa fahirisi, pamoja na Kristen Himelein na Kathleen Beegle, walilifanya hilo Tajikistan, Guatemala na Tanzania.

Walichokuta kimegawanyika, na mgawanyiko wenyewe ndio ulionigeuza. Kwanza, ndiyo, watu wanatumia ngazi tofauti, kiasi kwamba kutangaza "asilimia fulani ya wananchi wanajiona maskini" ni jambo la kutiliwa shaka kubwa. Pili, ukitaka kujua ni mambo gani katika maisha ya mtu yanayoendana na kupanda au kushuka kwake kwenye ngazi, upotoshaji ni mdogo.

Yaani ngazi ni mbovu kwa kuhesabia maskini, na ni nzuri kwa kujua kinachowauma.

Hizo ni kazi mbili. Nilikuwa nikiidai nane ifanye ile ya kwanza.

Waliotafitiwa waliposhika kalamu

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa shirika la ATD Fourth World na Chuo Kikuu cha Oxford, uliofanyika nchi sita: Bangladesh, Bolivia, Ufaransa, Tanzania, Uingereza na Marekani. Upekee wake ulikuwa kwamba watu wanaoishi katika umaskini hawakuwa wajibuji tu. Walikuwa watafiti wenza, wakikaa na wanataaluma na watu wa huduma kupanga umaskini una sura gani.

Sura zilizotoka ni tisa. Tatu ni zile tunazozijua: kukosa kazi ya staha, kipato kidogo kisichotabirika, kukosa vitu na kutengwa na mambo ya jamii. Tatu ni za watu na watu: kutendewa vibaya na taasisi, kutendewa vibaya na jamii, na mchango wako kutotambuliwa. Tatu za mwisho wakaziita kiini chake: mateso ya mwili, akili na moyo, kunyang'anywa uwezo wa kuamua, na kupambana na kustahimili.

Hii ya mwisho niliirudia mara nyingi. Kupambana kumewekwa ndani ya umaskini wenyewe, na waliokuweka huko ni wanaokuishi. Hakuna kiashiria cha sakafu kinachoweza kukiona. Mtu aliyelea watoto, akawapeleka shule, akakataa kuvunjika, ana kitu ambacho anakijua kuwa ni kazi yake, na ukimwomba ayape maisha yake alama, kwa nini asikihesabu?

Kuna jambo la mpangilio pia. Dodoso langu liliweka ngazi mwishoni. Deaton ameonyesha kwa takwimu za Marekani kwamba kuwauliza watu kwanza kuhusu siasa za nchi kunashusha alama wanazoyapa maisha yao mara baada ya hapo, tena kwa kiasi kisicho kidogo. Mama yule alikuwa ametoka kunitajia kila anachokikosa, kimoja kimoja, mbele ya mwanawe. Kwa kanuni hiyo nilitegemea namba ishuke.

Huenda nane ilikuwa inayajibu maswali yote yaliyotangulia.

Jirani anapopata

Wanaotaka uhakika kwamba kupunguza dhiki kunapandisha watu kwenye ngazi wanao. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya za magharibi mwa Kenya zilizopewa fedha taslimu bila masharti, na matokeo yao yaliyochapishwa 2016 yalionyesha waliopewa wakiwa na furaha zaidi, wameridhika zaidi na maisha, na msongo wao umepungua. Tafiti nyingi za namna hiyo zimefuata katika nchi nyingine na kwa jumla zinaelekea upande huohuo, ingawa ongezeko ni la wastani.

Katika data za jaribio hilohilo walikuta pia kwamba wenzao kijijini walipotajirika, kuridhika kwa wasiopewa kulishuka. Sijui kwa nini watu hulisoma hilo kama wivu. Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba shati la kitani si hitaji la uhai, ila katika Ulaya ya wakati wake hata kibarua angeona aibu kutokea mbele za watu bila hilo. Wenzako wakipata shati, la kwako lililochakaa limebadilika bila kuguswa.

Jedwali ninalolitaka

Kuna watu wanaopendekeza kuridhika na maisha kuingizwe ndani ya fahirisi ya umaskini, kipewe uzito, yaishe. Naipinga hiyo kwa nguvu zangu zote. Ukifanya hivyo, mama aliyesema nane anasogea mbali na mstari kwa sababu ya ujasiri wake, na kuna afisa mahali fulani ambaye atafurahi kuona choo kimoja kimepungua kwenye bajeti. Choo hakidaiwi kwa huzuni.

Kinyume chake nacho sikitaki, kile cha kusema hisia ni hisia, tuhesabu mabati.

Ninachotaka ni namba zote mbili zichapwe pamoja bila kuchanganywa. Waliokosa na wako chini kwenye ngazi. Waliokosa na wako juu. Wasiokosa na wako juu. Wasiokosa na wako chini. Kundi la mwisho ndilo ninaloshuku litatufundisha zaidi, maana hao kwa fahirisi hawapo kabisa, na huenda ndiko liliko deni, ndiko iliko kazi ya kudhalilisha, ndiko aliko mtu mwenye redio na simu na hana wa kumpigia. Na swali la pili la Hadley Cantril, mwanasaikolojia aliyeibuni ngazi hii katika miaka ya 1960, lirudishwe: miaka mitano ijayo unadhani utakuwa kipandio cha ngapi? Ripoti ya Furaha Duniani hupanga nchi kwa jibu la leo tu, na dodoso langu nalo halikuwa na la kesho.

Jedwali hilo lina tatizo moja ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Fahirisi ya umaskini inahesabu kaya: kaya ikivuka mstari, wote waliomo ni maskini kwa kiwango kilekile, hata kama aliyekosa shule ni mmoja. Ngazi inamhesabu mtu mmoja, yule aliyekutwa nyumbani au aliyechaguliwa kwa bahati nasibu na kishikwambi. Ukiziweka safu moja, umechukua dhiki ya watu sita au saba ukaipa sauti ya mmoja. Tafiti zinazolinganisha vipimo hivi viwili hufanya hivyo, na kisha hustaajabu kwamba uhusiano wake ni dhaifu.

Kabla mtu hajaniletea tena nadharia ya kwa nini maskini wanasema wameridhika, nitamwomba aniletee data ambamo kila mtu mzima wa nyumba aliulizwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa.